Fungu la mulinzi wa kiboko

Noella, uko? Usipige, soma tu.

Wamemuua kiboko yetu ya Runingu! Ile jike lenye sikio limepasuka, ile minye nahesabu kila asubui tangu niingie benevole, bila mushahara, mu proje ya kulinda viboko. Alikula mupunga ya Mama Furaha mu shamba, watu ya kijiji wakamuchimbia shimo ya mutego.

Nimefika nimevaa mupira ya proje, "Tulinde Viboko" mu mugongo. Nikakuta kijiji kizima na visu na mabeseni. Nikajua watakimbia. Hakuna muntu alikimbia, Noella. Wamenisalimia!

Shefu wa kijiji, muzee Byamungu, ananiambia: "Tulikuwa tunakungojea. Hatuwezi kugawa nyama mbele ya fungu lako kutoka."

Fungu gani??

"Weye ndiye mulinzi wake. Ngombe ikichinjwa, muchungaji anapata kifua. Miezi sita umemufuata mu mvua na mu jua. Tukunyime namna gani?"

Kifua, Noella. Na hakuwa ananicheka, alikuwa ananiheshimu! Maneno yote ya formasyo, ile mafunzo ya proje, nilikuwa nayo mu kichwa. Mama Furaha mwenyewe, ule alipoteza mupunga, akanifungia nyama mu majani ya ndizi, akanishika mukono.

Unajua nilisema nini? "Aksanti." Minye! Aksanti!

Sasa niko ku pikipiki, narudia Uvira, kifua iko ku mapaja yangu, ingali moto. Na shefu wa proje ameandika, sawa kila siku: "Leo umehesabu ngapi?"