Neno Nililokuchagulia

Yaya Verediana, dada yangu mkubwa,

Barua hii haitapanda lori lolote. Huko uliko hakuna wa kuifungua, na hapa Goma hakuna tena anayetaka nimsomee kitu. Naiandika mchana, patron, bwana wangu wa kazi, akiwa amekwenda kula, kwa sababu kuna jambo nililijua na sikukuambia.

Unakumbuka Jumapili zetu za Kituku, kando ya ziwa? Baada ya misa ulikuwa ukikaa juu ya mawe meusi ukiparua magamba ya samaki wako, nami kando yako na kile kitabu cha Kiingereza alichonipa patron, Mgiriki wangu, ili niweze kuwaandikia wanunuzi wa kahawa wa Kampala. Mapadri walikuwa wamenipa Kifaransa. Kiingereza nilikiokota mwenyewe, neno baada ya neno, na darasa langu lilikuwa wewe. Siku moja nikakuambia kwamba Waingereza wana "big", wana "large", tena wana "great", na yote matatu ni kubwa. Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka.

"Maneno tatu kwa mbuzi mumoja? Bale batu banakosa kazi?"

Nikakueleza kwamba hayafanani kabisa. Mtu anaweza kuwa "great" na mwili wake ukawa mwembamba kama wa kuku. Ukageuza samaki.

"Basi ni kama sisi. Mutu anachoka, mutu analegea, mutu anaishiwa. Mwenye hana masikio atasema ni kitu kimoja."

Hukukanyaga shule hata siku moja, yaya. Lakini uzito wa neno uliujua kuliko mimi niliyelipwa mshahara kwa ajili ya maneno.

Kisha uvimbe ukaanza tumboni mwako. Uliuficha chini ya kikwembe ulichojifunga miezi mingapi, sijui. Daktari wa hapa alikupapasa, akanawa mikono, akaniambia mimi kwa Kifaransa kwamba kupasua hakutasaidia tena. Mumeo alikuwa amekwisha kutangulia, na nyumbani walikuwapo Furaha, msichana wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wake Bahati aliyekuwa bado analala kifuani pako. Watu wakasema kwamba ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuna hospitali ya misioni ya Waingereza. Ukaniambia, "Weye unajua luga yao. Andika."

Nikaandika kwa majivuno. Nilianza na "I demand", kwa kuwa kwa Kifaransa neno lile ni kuomba tu. Patron aliisoma ile karatasi akapiga kofi mezani. "Unawapa amri? Hao watakasirika! Andika 'request'." Nilirekebisha, nikaja kukusimulia, ukanicheka. Nami nilicheka. Sikuona kwamba nimeonywa: masikio yangu ya Kifaransa yalikuwa yakinidanganya katika Kiingereza.

Jibu lilifika baada ya wiki tano. Nililifungulia uani pako, Furaha akiwa ameacha kutwanga ili asikie. Liliandikwa na nesi mkuu, kwa mistari michache. Walikubali uende. Halafu wakasema watafanya wawezalo kuku-"relieve".

Neno hilo sikuwahi kukutana nalo. Macho yenu ninyi watatu yalikuwa usoni pangu, nami niliona haya kusema sijui. Lilifanana na neno la Kifaransa la kumwinua aliyeanguka. Nikasema, "Watakuinua, yaya. Watakuponesha."

Uliniangalia sana.

"Kuponesha, ao kunitunza tu?"

"Kuponesha."

"Sikia, mudogo wangu. Kama ni kwenda kulala kule nikingojea siku yangu, nitalala hapa, batoto banione. Kama ni kupona, nitaenda. Sema vizuri. Ni nini banaandika?"

"Ni kupona, yaya."

Kesho yake nilifungua kamusi ya patron. Pale palikuwa na neno moja la Kifaransa ninalolijua kama jina langu, maana yake kutuliza. Kumpunguzia mtu maumivu. Kuponya kulikuwa na neno lake kabisa, "cure", nalo halikuwamo popote katika barua ile. Niliisoma tena mara nne. Wale watu walikuwa wamechagua neno lao kwa uangalifu na kwa heshima. Hawakukudanganya.

Niliondoka kazini kabla ya saa, nikaja moja kwa moja kwako nikuambie. Nilikukuta umekaa mlangoni, Furaha anakusuka. Vyungu vyako vya kuuzia ulikuwa umekwisha kumpa jirani avitunze. Ulikuwa ukiimba, yaya. Tangu mumeo azikwe sikuwa nimekusikia ukiimba. Ukaniuliza, "Mbona unahema hivyo?" Nikasema jua ni kali. Nikasema nywele zimekupendeza.

Hapo ndipo nilipokosa. Jana yake nilikosea kwa ujinga, na ujinga hata Mungu anausamehe. Siku ile nilijua, na nikanyamaza.

Bwana administrateri, mkuu wa serikali hapa, alitoa karatasi ya kuvuka ya mtu mmoja, kwa hiyo ningeweza kukusindikiza hadi mpakani tu. Lori lilisimama Kalengera kupakia maharage. Tukashuka, nikakununulia hindi la kuchoma. Ulikula punje chache, lililobaki ukampa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Ukaniuliza, "Kupona, kwa luga yao, banasemaje? Nataka munganga asikie mwenyewe ni nini nilikuja kutafuta."

Mbele yangu yalikuwapo maneno mawili. La barua, na la matumaini yako. Ningekupa lile la kwanza, ungeniuliza maana yake, nami ningelazimika kusema, na lori lile lingeweza kukurudisha kwa watoto wako. Nilikupa la pili. Nikakufundisha "cure". Ulilirudia njia nzima hadi mpakani, midomo yako ikilitafuta, mpaka likatoka safi kuliko langu.

Ulikaa kule miezi minne. Kisha ikaja barua ya nesi yuleyule. Alisema ulikuwa mpole, kwamba hukukosa dawa ya maumivu, kwamba uliwasalimia kila asubuhi kwa neno moja: "cure". Alisema hakuna aliyejua nani alikufundisha, wala waliokutafsiria hawakuweza kukutoa katika neno hilo. Kwamba siku za mwisho uliacha kulisema, ukageukia ukutani, na chakula ukakikataa. Mwishoni ameandika ulikufa kwa amani. Sijui kama hilo ni neno la kweli au la huruma. Kati ya mimi na yeye, yeye ndiye wa kuaminiwa.

Niliichukua barua hadi uani pako. Furaha alinyoosha mgongo aliponiona. Nami, yaya, hata siku ile, nilianza kuchagua maneno.

"Mama yenu amepumzika," nikasema.

"Muyomba, amepumzika ao amekufa?"

"Amekufa."

Hakulia. Alimpa Bahati kikombe cha uji, akanyoosha mkono, akaichukua barua. Nikamwambia nitamsomea yote.

"Hapana. Weye usisome."

Aliipeleka sokoni kwa fundi cherehani aliyetoka Kampala. Fundi alimsomea mstari kwa mstari. Hakujua, maskini, kwamba kuna kitu cha kuficha. Furaha alimwomba amweleze lile neno moja, na kisha akamwomba amsomee barua ya kwanza, ile ya "relieve", aliyoitoa chini ya godoro lako. Akaelezwa yote mawili.

Sasa wanaishi kwangu, hawana kwingine. Furaha anapika, anafua, ananiwekea sahani mezani kwa mikono miwili kama ulivyomfunza. Sijawahi kumsikia akinisema vibaya kwa jirani. Lakini mimi, mjomba wake, haniiti tena muyomba. Ananiita "kalani", kwa kazi yangu tu, kama waniitavyo watu wa barabarani, na tangu mwezi jana Bahati naye ameanza kuniita hivyo. Sikumkataza.

Nimeomba ruhusa ya kuja kuliona kaburi lako; nimenyimwa mara mbili. Hata nikija, sijui ningesimama mbele yako na kusema nini. Sikuombi msamaha. Ulikwenda kufa mbali na watoto wako kwa kuwa uliniamini, na msamaha wako hauwezi kuwarudishia hata asubuhi moja ya ile miezi minne.

Patron amerudi. Naacha hapa. Lala, yaya.

Mdogo wako, uliyembeba mgongoni