Chokaa Iliyozidi

Kamiyuzawa,
siku ya arobaini na tisa tangu baba afariki

Mdogo wangu mpendwa Yasunori,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na baridi ya Sapporo haijakukamata kifua. Mimi ni mzima wa mwili. Leo tumeweka mifupa na majivu ya baba kaburini, na mahali pako palikuwa wazi.

Kiwandani kwa baba bado wanamwaga chokaa mtoni kuzimua ukali wa tindikali ya maji ya mlimani. Msumari aliotundika baba majini kutoka darajani unaning'inia hadi leo. Zamani mto ungeula kwa siku kumi tu. Unakumbuka alivyolipenda neno hilo, kuzimua. Supu ikizidi chumvi, izimue. Mkigombana wewe na yeye, aliniambia: Fumiyo, nenda kazimue.

Ulipoikataa kazi ya chokaa ukaondoka, kazi ya kuzimua ikabaki yangu. Vidole vya baba vilishapasuka kwa chokaa, kalamu haishiki, basi yeye alisema nami nikaandika. Akisema huyo mpumbavu asikanyage hapa, niliandika kwamba baba anakusalimu. Ukijibu kwamba afe na mto wake, nilimsomea kwamba unamtakia afya njema. Miaka sita nilijiona mleta amani.

Siku ya msiba ulisimama mlangoni hujavua hata viatu, ukaniambia mzee hakukuita hata mara moja. Nami nikainama, nikakumiminia chai.

Yasunori, alikuita. Mwezi wa pili alinikalisha kando ya futoni, godoro lake la sakafuni, akasema nikuandikie urudi, kwamba aliyekosa ni yeye, na anataka akuone kabla hajafa. Niliogopa utajibu matusi nayo yatammaliza. Nikaandika kwamba baba anakohoa kidogo na anakusalimu. Ukajibu apone haraka. Nilipomsomea aliuliza, "Ni hayo tu? Hajasema anakuja lini?" Nikamwambia una kazi nyingi. Tangu hapo alitaka futoni yake ielekezwe mlangoni.

Mwenyewe alitufundisha kwamba chokaa ikizidi, samaki hufa vilevile. Nilisikia, sikuelewa. Nisamehe ukiweza, na usipoweza pia ni haki yako.

Msalimie sana wifi, mwambie figili alizozipenda nimezitia kwenye kifurushi. Nijibu kwa ukali wako wote, usipunguze neno. Hayupo tena wa kusomewa; maneno yako nitayasoma mimi peke yangu.

Ni mimi dada yako,
Fumiyo