Aliyekuwa akiniruhusu niende mazoezini

Shoga uko wapi? Niko chooni kazini.

Nilikuwa namimina chai ya saa nne kama kila siku, huku nikijikumbusha maneno yangu ya igizo letu la Jumamosi. Meneja akaniita mbele ya idara nzima.

"Msanii, hebu tuigizie na sisi tuone unachotutorokea."

Nikaigiza, shoga. Mimi huyu. Nimesimama na kikombe mkononi, mistari miwili tu, sauti ikakauka. Walicheka mpaka mhasibu akafuta machozi. Halafu meneja akasema, taratibu kabisa, "Basi, majaribio yako ya kazi yameishia hapa. Kusanya vyako."

Nimetoroka lini mimi?

Unamjua yule dada anayenifundisha kazi. Kila Alhamisi ndiye alikuwa ananisukuma mlangoni: "Nenda mazoezini, binti, ujana ni moshi, ukienda haurudi. Meneja nitamwambia mimi."

Kumbe kweli alimwambia. Alimwambia natoroka.

Nimemfuata kwenye printa. Nikamuuliza, "Dada, si ulisema umeniombea ruhusa?"

Hakuniangalia. Akapanga karatasi zake, akazigonga mezani zikae sawa.

Nikauliza tena, nikilia sasa, shoga, mbele yake.

Akasema, "Nilikuwa nakuombea ufukuzwe. Kiti kile nilimwekea mdogo wangu, ukaja wewe na vyeti vyako."