Shangazi, Nimeshika Maiki

Shangazi Winfrida,

Shikamoo. Sina hakika kama huko uliko salamu zinafika, lakini nimeona nisianze bila kuamkia, maana nakumbuka ulivyokuwa ukijifanya hujaniona mpaka niamkie kwa sauti ya kusikika kwa jirani. Basi leo nimeamkia kwa sauti. Jirani amegeuka, wewe kimya. Nitaendelea hivyo hivyo.

Habari za hapa Matarawe ni nzuri kiasi. Mahindi yamekubali. Kuku wako wawili wamehamia nyumba ya pili kwa hiari yao, na mwenye nyumba anasema amewazaa mwenyewe, sijui kivipi. Chumba chako cha mbele amepanga fundi saa, mtu mpole. Siku ya kwanza aliniuliza kama ni kweli uwanja huu ndio ule wa disko vumbi. Nikamwambia ndio wenyewe. Akauliza tena, kwa woga kidogo, kama disko litaendelea. Swali hilo ndilo lililozaa barua hii.

Unakumbuka tulivyokuwa tumegawana kazi. Mimi kanda, wewe maiki. Tangu uliporudi na ile mashine ya disko kutoka Dar, wakati ule vitu vilipoanza kujaa madukani na kila mtu Songea akawa na koti la mtumba, hatukuwahi kubadilishana hata siku moja. Mimi nyuma ya pazia la kitenge na deki zangu, narudisha kanda kwa kalamu ili betri isiishe. Wewe mbele, unaita watu. Komunio ya kwanza, kipaimara, ndoa, jubilei ya yule sista wa Peramiho, zote zilipita mdomoni mwako. Hakuna aliyecheza kabla hujamwita. "Sasa naomba upande wa mama mzazi uingie." Wanaingia kwa mstari, wanacheza mpaka kwenye meza ya zawadi, wanaweka sabuni au shuka au noti, wanarudi. Halafu upande wa baba mzazi. Halafu wajomba, ambao siku zote walichelewa kwa sababu ya pombe ya komoni. Aliyeng'ang'ania kiti ulimfuata na maiki mpaka usoni ukamwambia, "Aliyekuja kukaa angekaa kwake."

Mimi sikuwahi kutangaza chochote, isipokuwa ile siku mtoto alipopotea kwenye sherehe, ukanipa maiki kwa sababu ulikuwa unakula. Sauti ilikwama. Mtoto akajitokeza mwenyewe, nadhani kwa huruma. Ulicheka mpaka ukapaliwa na pilau, ukasema, "Wewe mikono inatosha, mdomo niachie mimi."

Nikakuachia. Sasa umeondoka nao. Nilikukasirikia kwa hilo, Shangazi, nikuambie ukweli. Kulia kulikuja baadaye.

Baada ya matanga kikakaa kikao cha ukoo. Baba mdogo Alanus, mdogo wako wa mwisho, alikuja kutoka Maposeni na hoja yake imeiva. Alisema uwanja sasa una mpangaji, sherehe hazitapigwa tena pale, na spika zisizopigwa ni makabati tu. Huko kwao kuna mtu yuko tayari kubadilishana: sisi tumpe mashine yote, yeye atupe nguruwe jike mwenye mimba. Alimsifia yule nguruwe kwa mapenzi, masikio yake, tabia yake, ukoo wake, mpaka wazee kadhaa wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mimi nikasema nitaitafutia mashine kazi nje, klabuni. Nilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba ilibidi Baba, kaka yako, arudie. Wakakata shauri: nikipata klabu, mashine inabaki kwangu. Nikikosa, anakuja nguruwe.

Nikaenda kwa Bwana Erasmo kule Bombambili, mwenye ile klabu yenye sakafu ya saruji na taa za rangi. Mpiga disko wake alikuwa amerudi Dar, anasema baridi ya Songea inamkausha midomo. Bwana Erasmo alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza nimewahi kupiga wapi. Nikasema uani kwa shangazi yangu. Akafikiri kidogo. "Nakupa Jumapili moja," akasema. "Watu wakikaa, na wewe ukakae kwenu." Nikajua mngeelewana.

Jumapili yenyewe Baba mdogo alifika mapema kutoka Maposeni, eti kunisaidia kusukuma mkokoteni. Alichojali ni spika zisikwaruzwe, kwa kuwa mwenye nguruwe hataki kitu chenye alama. Njia nzima, kila tulipokuta shimo, alinishika mkono: polepole, polepole. Tulipofika alizifuta spika kwa leso yake, akakaa juu ya kreti ya soda karibu na ukuta, tayari kwa kurudi nazo.

Saa kumi jioni ukumbi ulikuwa umejaa. Manesi, walimu, vijana waliotoka Peramiho na basi dogo, wafanyabiashara wa korosho wa Tunduru waliokuwa wakinywa soda kwa utaratibu. Nikaanza na ile kanda ya Kikongo ambayo uani kwetu iliwahi kumwinua mzee mwenye mkongojo. Hakuna aliyenyanyuka. Nikaweka zouk. Wakatikisa vichwa, wakaagiza tena. Nikaweka kanda niliyokuwa nimeiwekea akiba ya mwisho, na mwalimu mmoja akapiga mwayo.

Sikujua, Shangazi, kwamba vumbi linasaidia kazi. Uani kwetu mtu akikosea hatua, vumbi linamfunika. Pale kwenye saruji, chini ya taa nyekundu, kila mguu unaonekana, na hakuna anayetaka mguu wa kwanza uwe wake. Bwana Erasmo alikuwa ameanza kutazama saa. Baba mdogo alikuwa ameanza kutabasamu, na nilijua anamwona nguruwe.

Nikachukua maiki. Bado inanukia karafuu ulizokuwa ukitafuna. Kwa kuwa mdomo wangu haukuwa na maneno yake wenyewe, ukatoa yale uliyokuwa ukifungulia kila sherehe.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Ukumbi wote ukasimama. Chupa ziliwekwa mezani, kofia zikavuliwa, mhudumu mmoja akafumba macho na trei ya bia mkononi. Wale wa Tunduru, waungwana, waliacha mirija kwenye soda wakainamisha vichwa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sala ikishaanza haiachwi njiani, kwa hiyo nikaendelea na Salamu Maria, na klabu nzima ikanijibu kwa sauti moja. Bwana Erasmo naye alijibu, ingawa macho yake yalikuwa yanasubiri Amina ili anitoe nje.

Tukasema Amina. Na hapo ndipo nilipoona kwamba wamesimama. Wote. Kitu nilichoshindwa kukifanya kwa kanda zangu zote kilikuwa kimeshafanyika, na kama nisingesema neno sasa hivi wangekaa tena.

"Sasa naomba upande wa mama mzazi uingie ukumbini."

Mama mzazi wa nani, hata mimi sijui. Hapakuwa na mtoto wala komunio. Nikairudisha ile kanda ya Kikongo, watu wakatazamana. Kisha nesi mmoja mnene aliyekuwa amesimama kaunta akafunga kitenge kiunoni, akawashika wenzake wawili, wakaja kwa mstari, bega mbele, bega nyuma, kana kwamba walizaliwa upande wa mama mzazi. Nikaita upande wa baba, walimu wakaja, hata yule wa mwayo. Nikaita wajomba, na nikuambie, wajomba wa klabu nao wanachelewa. Nikaita wageni wetu wa Peramiho, nikaita wageni wa mbali. Mzee mmoja wa Tunduru, kofia yake nyeupe imekaa sawasawa, alikuja akicheza taratibu mpaka mbele, akatafuta meza ya zawadi, asiione, akaweka noti juu ya amplifaya.

Ikawa ndiyo desturi. Waliomfuata wakaweka noti, sabuni, pakiti ya majani ya chai, na mtu mmoja, sijui alilitoa wapi, papai. Amplifaya ikaanza kuchemka, ikabidi Baba mdogo aje kuondoa vitu. Alisahau kabisa kwamba amekuja kuchukua mashine. Alisimama pale amenyooka, akipokea kwa mikono miwili, akishukuru kwa niaba ya familia. Familia ipi, hakuna aliyeuliza.

Sasa wewe unajua utaratibu. Ukishaita wote hao, anabaki nani? Ulimi wangu haukunisubiri.

"Upande wa shangazi, karibuni."

Nikajisikia nikiwa nimeshasema. Maana upande wako ni nani, Shangazi? Hukujaliwa kuzaa. Uliyemlea ni mimi, na mimi nilikuwa nyuma ya deki. Sakafu ilikuwa tupu, wimbo unakwenda, watu wanageuza shingo kuona nani anakuja. Sikuweza kuita tena na sikuweza kufuta. Nililia. Nililia kwenye maiki, na spika zako unazijua, hazifichi kitu.

Baba mdogo aliweka papai chini. Akaenda katikati ya saruji peke yake, na lile goti lake bovu, akaanza kucheza lizombe, ngoma ya kwetu Wangoni, juu ya wimbo wa Kikongo, akikanyaga sakafu kana kwamba anaidai vumbi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujifuta. Hakunitazama. Alinyoosha tu mkono kuelekea niliko.

"Njoo," akasema. "Tuko wawili."

Nikaacha deki. Najua mtu wa kanda haachi deki, ulinifunza mwenyewe, lakini niliacha nikaenda. Tukacheza upande wako wote, yaani mimi na yeye. Tulipofika katikati kanda ikaisha, ikakata, na hakuna aliyekaa. Walishika mdundo kwa makofi, manesi wakapiga vigelegele, wale wa Tunduru wakagonga chupa za soda kwa vijiko. Tulicheza hivyo hivyo mpaka kwenye amplifaya, tukafika mikono mitupu. Hatukuwa na cha kuweka, tukaweka viganja. Ilikuwa ya moto kweli kweli, tukaviondoa haraka.

Bwana Erasmo amenipa Jumapili zote. Sharti lake ni moja: sala ibaki, ila iwe fupi, kwa sababu bia zinapata joto. Yule mzee wa korosho alimwambia hajawahi kuona klabu yenye adabu namna ile. Habari zimefika hadi parokiani. Padri alinisimamisha baada ya misa, akaniuliza kama ni kweli watu wanasali klabuni, na kwa uso wake niliona hajaamua kama anikemee au anipongeze. Akaniambia tu nisiite watu kucheza wakati wa Kwaresima.

Baba mdogo amemwambia mwenye nguruwe atafute mtu mwingine. Kwangu hajasema kitu, lakini kila Jumapili anakuja na koti, amejipa cheo cha mpokea zawadi, na asiyeweka chochote anamwangalia kwa muda mrefu. Fundi saa nilimwambia asiwe na wasiwasi, disko limehama. Nilidhani atafurahi. Jumapili iliyopita nilipoita wajomba nikamwona yuko kwenye mstari, amechelewa.

Sauti yangu bado ni ndogo. Maneno bado ni yako, hata ule mguno wako kabla ya kuita wajomba ninao. Kuna wakati naita, nageuka upande wangu wa kulia kuona kama umeridhika, na kuna ukuta. Sijazoea, na sitaki kukudanganya kwamba nitazoea haraka.

Kwaheri, Shangazi. Upumzike kwa amani, na kama huko kuna sherehe, waonee huruma kidogo wanaopenda kukaa. Nakuahidi kwamba kila Jumapili nitaita upande wako, wa mwisho kabisa, hata kama watu wamechoka na umeme unataka kukatika. Tukiwa wawili tutakuja wawili. Nikibaki peke yangu nitakuja peke yangu.

Nilikuwa nimeshaandika hapa chini "mtoto wa kaka yako", kama nilivyosaini barua zangu zote kwako. Nimefuta. Ulipoitwa upande wako mbele za watu, mimi ndiye niliyekwenda. Kwa hiyo nasaini hivi, na kama unakataa, uje useme.

Mwanao,
Otmar