Nilimkata Mzee Akiwa Bado na Mkuki

Wewe unayesoma, tafadhali, usimsimulie mtu hata neno moja. Hasa kama unafanya kazi ofisini kwetu.

Jumanne, Bukoba. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nimejaa furaha.

Mkuu wetu, Ta Buberwa, alimwoza binti yake kule Kamachumu. Jana alinipa flashi yenye sherehe nzima, faili moja kubwa ambalo simu za ukoo zote zimelikataa. "Wewe umesoma. Kesho liwe kwenye kundi la ukoo." Nikajibu, "Sawa, Mzee," ilhali sijui naanzia wapi. Mkataba wangu wa majaribio unaisha mwezi huu, na anayesaini ni yeye. Ningesema nini?

Kwanza nililinakili faili. Mimi ni mwoga, sigusi cha asili. Kisha nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiagiza programu ya ffmpeg igawe video kila baada ya dakika tatu. Nikabonyeza huku nimefumba macho. Nilipofumbua, vipande vilikuwa vimejipanga kama mikungu ya ndizi siku ya soko. Mstari mmoja tu wa maneno!

Nikamwita Koku wa masjala aje kuona. Akafungua kipande kimoja, akacheka mpaka akatafuta kiti. Kilikuwa kimeishia Ta Buberwa akiwa katikati ya kwebuga, mkuki juu, mdomo wazi.

"We mwana, umemkata mzee akijisifu? Tena mbele ya wakwe? Kwetu hata mvua husubiri amalize!"

Alisema kweli. Mtu akisimama na mkuki kujisifu, hakuna anayethubutu hata kukohoa. Na mimi nilikuwa nimebakiza kutuma tu.

Kompyuta haijui adabu. Inajua dakika.

Nikarudia. Safari hii niliitazama sherehe yote, nikaitajia programu kila mwanzo na kila mwisho. Kile cha kwebuga nikakiacha kichakatwe upya ili kikatike pale pale ninapotaka. Feni ya kompyuta ikanguruma, nami nikanguruma moyoni. Kikaishia kwenye vigelegele, sawasawa!

Leo Ta Buberwa ameniita. Alikitazama kipande cha kwebuga amesimama, midomo ikimcheza.

"Nani alikuonyesha pa kukata?"

"Watu waliposhangilia, Mzee."

Akakirudisha mwanzo, akakitazama tena. Nikaanza kuaga kazi kimoyomoyo.

"Shemeji yangu wa Kagondo naye ana sherehe yake. Utamkatia. Hata mwezi ujao."

Mwezi ujao! Amesema mwezi ujao!

Vile vipande vya kwanza nimevifuta. Koku anadai kimoja kimebaki kwenye simu yake, na kwamba kinakula senene: nisipompelekea, kitatoka.

Ukiwa na video iliyokushinda, usipige simu ofisini. Njoo mwenyewe Miembeni, ilipo ofisi, saa ya chai, gonga dirisha la masjala, mwulize Koku alipo yule karani mwoga. Beba senene. Mkuki usiutaje.