Kaa la Moto Nililomnyima Cherono

Gesima,
Kisii.
9 Desemba, 1974

Mpendwa mjukuu wangu Makori,

Miaka mitatu! Kwani huko Nairobi wamekufunga kamba? Hata ng'ombe aliyepotea hurudi kwao kulamba chumvi. Wewe mzima? Na Cherono mkeo? Sisi tunapumua, ila goti langu limekataa mlima.

Anayeandika ni dada yako Nyamoita. Nimetaka Kiswahili ili Cherono naye asome. Nimemkataza kulainisha neno langu hata moja.

Unaukumbuka ule mchezo wa wazazi wa siku ya kufunga shule, wa mwanamke aliyezimikiwa na moto? Anazunguka na kigae akiomba kaa, kila mlango unafungwa. Persis aliuigiza miaka yote akitingisha makalio, nasi tukimpigia kelele, "Ulilala na nani moto ukafa?" Tulicheka hadi machozi.

Mwaka huu Mwalimu Thadeus alimpa nafasi hiyo yule mama Mkipsigisi anayechuma chai kwa Machogu. Maneno ni yaleyale. Akafika mlango wa kwanza: "Mama, nigawie moto, watoto wana baridi." Ukafungwa. Wa pili, ukafungwa. Nikaona ni pale petu pa kupiga kelele, nikapaza sauti, "Ulilala na nani moto ukafa?"

Peke yangu, Makori. Yule mama akageuka akanitazama, kigae mkononi. Nikajifunika leso usoni kama bibi arusi, mimi mzee wa meno matatu.

Maana usoni mwake nilimwona Cherono, Mkipsigisi mwenzake. Siku ile mlipokuja mara ya mwisho, alipiga magoti kwenye mafiga yangu apike, nikamnyang'anya mwiko. Nikamwambia moto wangu haupikiwi na binti wa wezi wa ng'ombe. Wewe ulikuwa mtoni ukioga. Kama hakukuambia, basi ana moyo kunizidi.

Cherono, mwanangu, nimekosa. Sina la kupamba hapo.

Persis analia kwamba mchezo umeharibiwa, anataka nafasi yake mwakani. Nikamwambia, "Keti, Persis. Umetuchekesha miaka kumi, hukutuonyesha hata siku moja kwamba yule mwanamke alikuwa na baridi."

Babu yako Onchiri anawasalimu, na shangazi yako Nyamusi. Mungu awalinde njia nzima hadi mlangoni kwangu.

Mkija, Cherono asipige hodi. Aingie, afukue kaa majivuni mwenyewe, atusongee ugali wa wimbi. Nami nitakaa chini, ningoje kupakuliwa.

Wako akupendaye hata akikukaripia,
Nyanya Bitutu