Kutoka Mbwemkuru Niliendesha Mimi

Athumani ndugu yangu,

Nimeanza barua hii mara nne, na mara zote nne nimeichana. Ya kwanza nilianza kwa kukuuliza hali, kama tulivyofundishwa shuleni, nikaona aibu. Hali yako nimuulize nani? Tangu alasiri nakaa, nasimama, nafagia chumba nilichokwisha kukifagia, natoka hadi barabarani narudi. Sasa nimekaa. Nitaandika mpaka mwisho.

Miaka tisa imepita tangu tukuzike Mitwero, na katika miaka hiyo sijatulia mahali. Uliniacha karani wa ushirika hapa Lindi. Arubaini yako haijafika nikaomba uhamisho, wakanipeleka Masasi. Masasi nikaomba Tunduru, Tunduru nikaomba Songea. Mkubwa wangu mmoja aliniuliza, "Bwana Bakari, unafukuzwa na nani?" Nikacheka, nikajaza fomu. Mwaka huu wamenirudisha Lindi bila kuniuliza, maana vijiji vipya vinahitaji makarani wa kuandikisha wakulima wa korosho.

Mambo huku yamebadilika. Watu wa mashambani wamehamishwa, wanakaa pamoja kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari. Bwana Kassam ameuza duka lake la vipuri, yuko Dar kwa mwanawe. Mwalimu Chande sasa ni mwalimu mkuu na ameota kitambi. Petroli imekuwa shida, na Jumapili mchana hairuhusiwi kuendesha gari. Wewe ungeugua. Mama yako hayuko tena Kilangala. Walimpakia kwenye lori na vyungu vyake na kuku wanne, mlango wa nyumba ameung'oa mwenyewe aje nao, wakamshusha Kitomanga, kando ya barabara kuu. Nawe unajua Kitomanga iko karibu na nini.

Nakumbuka tulivyoanza. Meneja wa shamba la mkonge alirudi kwao mara tu baada ya uhuru, akaacha lile gari lake dogo jekundu la mbio, la viti viwili, halina paa, injini imekufa, kuku wanataga ndani. Ulilivuta kwa ng'ombe hadi gereji yako. Watu wakasema Athumani ameokota jeneza. Ulikaa nalo miaka miwili. Mimi nilikuwa naja nikitoka kazini, kazi yangu kukushikia taa na kukupa spana isiyo yenyewe. Siku lilipowaka ulizima, ukaliwasha tena, ukazima, ukaniambia, "Nataka kuhakikisha halikuwaka kwa bahati."

Ndipo ukaja na wazo la klabu. Klabu ya Magari Lindi, magari matatu. La kwako, la Mwalimu Chande lililokuwa likilia kama mbuzi, na lile kubwa la Bwana Kassam, ambaye tulimfanya mwenyekiti kwa sababu vipuri vilikuwa vyake. Yeye ndiye aliyeandikia kile kiwanda kidogo nje ya Nairobi, walikokuwa wakiunda magari ya mbio. Majibu yalipokuja kwamba tunakaribishwa kukiona, uliisoma ile barua mpaka mikunjo ikakatika. Zuhura mkeo alikuwa na mimba. Mama yako alikuja kutoka Kilangala kukuaga, akakushika mkono mbele yetu akasema, "Niahidi hutakimbia." Ukasema, "Nakuahidi, mama."

Na hukukimbia, Athumani. Wiki nzima ya kwenda hukukimbia. Mwalimu Chande ndiye aliyekuwa akitupita kwenye mchanga wa Mohoro huku anapunga mkono, tunamkuta mbele amenasa. Kwenye pantoni ya Rufiji ulikataa kushuka garini, ukasema likizama uzame nalo. Karibu na Same rejeta ikatoboka, ukasugua sabuni ya mche kwenye tundu mpaka likaziba, na tukafika Arusha na povu. Mimi nilikuwa nikikuomba usukani kila siku, nawe kila siku ulinijibu, "Pata leseni kwanza." Sikuwa na leseni, nilikuwa na kibali cha kujifunzia tu.

Kile kiwanda. Mimi nilitegemea jumba. Kumbe banda la mabati, wafanyakazi kumi, na magari manne sakafuni hayajapakwa rangi, mapana na mafupi kama kobe. Ulikwenda moja kwa moja ukaligonga moja kwa kidole, ukashtuka, maana bodi haikuwa ya bati. Fundi mkuu, mzee wa Kikamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akakueleza zile ni nyuzi za kioo zilizolowekwa gundi. Ukamuuliza maswali mpaka Bwana Kassam akaenda kukaa kivulini. Kisha yule mzee akataka kusikia injini ya gari letu. Ukaiwasha. Akafumba macho.

"Nani alikuwekea hizi vali?"

"Mimi."

"Nawe ulifundishwa wapi?"

"Mitwero."

Akarudia, "Mitwero," kama mtu anayetaka kuukumbuka mji mkubwa asioujua. Akaingia ofisini kwa mwenye kiwanda, wakatoka pamoja, na kabla hatujanywa chai ulikuwa umeshaambiwa kazi ipo, urudi baada ya Ramadhani.

Hapa ndipo nilipokuwa nikiichana karatasi.

Nilikupongeza. Nilikukumbatia mbele ya watu. Lakini moyoni sikufurahi. Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukipanga: nyumba ya kupanga Nairobi, Zuhura ajifungue kwanza, mama abaki na nani. Katika mipango yote ile mimi sikuwemo. Nilikuwa nakusikiliza na kuhesabu nguzo za simu. Wewe ukidhani nimechoka.

Tulipovuka daraja la Mbwemkuru tukawa wa mbele, wenzetu wako nyuma kwenye vumbi. Ulisimamisha gari. Sijui uliona nini usoni mwangu. Ukashuka, ukazunguka, ukasema, "Haya, chukua. Umenivumilia safari nzima. Usipite maili arobaini." Ilikuwa zawadi, najua. Mimi nikaipokea kama mtu anayelipwa kuondoka.

Nilipita arobaini. Nilipita sitini. Ukasema, "Punguza, Bakari." Nikakanyaga. Ukasema tena, taratibu, kama unavyosema na mteja, "Bakari. Punguza." Nilitaka uogope kidogo. Hilo tu. Nilitaka mara moja wewe uwe unanitegemea mimi. Kisha ile kona ukishapita Kitomanga, na mchanga.

Mimi nilirushwa kwenye nyasi, mkono ukavunjika. Wewe gari lilikulalia. Nilikuita. Nilijaribu kuliinua kwa mkono mmoja. Ulikuwa umeshakwenda, na uso wako haukuwa na kitu, hata vumbi.

Mwalimu Chande alifika wa kwanza. Alipiga magoti, akakuangalia, akaniangalia. Akaniuliza, "Alikuwa anakimbia, eh?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ni neno moja. Hakuna aliyeniuliza zaidi, maana wote walijua Athumani hampi mtu usukani wake. Polisi waliandika hivyo, nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Nilijiambia nitasema baada ya maziko. Kisha baada ya arubaini. Kisha nilikuwa Masasi.

Hukujua jina lako lilivyofanywa, kwa hiyo nikueleze. Hapa Lindi, dereva akitaka kutoka haraka, mkewe humwambia, "Usije ukawa Athumani." Utingo wanasema hivyo. Nimewasikia watu ambao hawakukuona hata siku moja wakisema ulilewa sifa za gari la Mzungu. Bintiyo, Mwanaidi, aliyezaliwa miezi minne baada yako, shuleni wanamwita mtoto wa mkimbizaji. Hili la mtoto sikulijua mpaka mwaka huu. Mengine nilikuwa nayajua.

Mwezi uliopita nilipelekwa Kitomanga kuandikisha kaya. Nyumba ya tisa kwenye mstari niliona mlango ninaoufahamu, umefungwa kwenye nyumba isiyo yake. Mama yako akatoka. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kunijua, kisha akanijua. Alinikalisha kwenye kigoda, akaniletea mihogo. Tulizungumza habari za watu. Lori likapita barabarani, akalitazama mpaka likapotea.

Akasema, "Bakari mwanangu, nikwambie jambo. Kaburini kwa Athumani sijakwenda. Tangu siku ya hitima sijamsomea hata Fatiha. Nikianza, hasira inanikata. Aliniahidi mbele yenu, kisha akanidharau. Mungu anisamehe, lakini moyo umekataa."

Nilirudisha kipande cha muhogo sahanini.

Nilimwambia. Sikumbuki nilianzaje. Nilimwambia daraja, na arobaini, na mara zote mbili ulizosema punguza, na lile neno nililomjibu Mwalimu. Nilipomaliza alikuwa ameshika ukingo wa kigoda chake kwa mikono yote miwili. Nilingoja anipige. Ningefurahi angenipiga.

"Miaka tisa," akasema, "nimemkasirikia mtoto ambaye hakunikosea."

Kisha akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi. Akatoka amejitanda khanga safi na viatu mkononi. "Una gari la ushirika. Nipeleke kwa mwanangu."

Tulikwenda hadi Mitwero. Kwenye ile kona aliangalia mbele. Makaburini akaniambia nibaki barabarani. Alikaa huko mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mimi niliizunguka Landrova, nikakagua matairi, nikakagua tena. Sauti yake ilikuwa inanifikia, wakati mwingine anasoma, wakati mwingine anazungumza nawe tu, kwa Kimwera. Aliporudi macho yamevimba, lakini anatembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Sikusamehi leo," akaniambia. "Labda baadaye, sijui. Lakini ulivyomwacha mwanangu asemwe na watu, na wewe utasema mbele ya watu."

Ijumaa iliyofuata nilimwomba imamu ruhusa, nikasimama baada ya sala. Nilisema kwamba kutoka Mbwemkuru niliendesha mimi, kwamba marehemu aliniambia nipunguze, nami sikumsikia. Watu walitoka wakinipita kama nguzo. Mwalimu Chande alisimama mbele yangu. Akasema, "Nimewahadithia wanafunzi wangu habari ya Athumani, niwaonye. Kila mwaka." Hakunipa mkono. Polisi nako nilikwenda. Askari wa zamu aliandika maelezo yangu upya, akasema wataniita. Bado hawajaniita. Nikisikia pikipiki nje nainuka.

Nilimpelekea shemeji Zuhura habari kupitia kwa kaka yake, naye akanijibu nisikanyage kwake. Niliona ni haki. Wiki mbili baadaye kaka yake akaja ofisini akasema, "Njoo. Mtoto ndiye anayekutaka."

Hiyo ilikuwa juzi. Zuhura alikuwa mlangoni, hakunikaribisha ndani. Mwanaidi alikaa barazani, miguu haijafika chini. Ana paji lako la uso. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila swali. Nilimweleza nilivyowaeleza wengine, kwa maneno ya mtoto, sikuficha. Alinisikiliza. Kisha akauliza, "Baba alikuwa na sauti nene?"

Sikuelewa mara moja. Akasema, "Watu wananiambia alivyokufa tu."

Nilimwambia haikuwa nene, ilikuwa na mkwaruzo kidogo, na ukicheka ilipotea kabisa ukabaki unatikisika mabega. Akacheka yeye. Zuhura aligeuza uso. Nikamwambia habari ya Same na sabuni, akataka kujua sabuni gani. Nikaanza habari ya kiwanda, wale kobe wa kioo, yule mzee wa miwani, lakini magharibi ikawa imekaribia na Zuhura akasema inatosha.

Nilikuwa nimeshavaa viatu aliponiambia, bila kunitazama, "Jumamosi. Hapo hapo barazani, nami nikiwepo."

Basi hilo ndilo nililotaka ulijue, Athumani. Katika hadithi yako, mwanao amesimama kwenye mlango wa kiwanda, anangoja kuingia. Nakuahidi nitamwingiza. Nitakwenda kila Jumamosi nitakayoruhusiwa, nimweleze kila ulichokishika na kila ulichouliza, na mafundi walivyokusogelea mmoja mmoja mpaka kazi ikasimama. Sitakupamba. Atakayenizuia kusema ni Zuhura peke yake, na akisema basi nitaondoka kimya.

Mola akunawirishie hapo ulipo, na anipe mimi siku za kutosha kumaliza hadithi yako. Keshokutwa ni Jumamosi. Nitafika mapema.

Wako,
Bakari